Kulala Mbudya kwa Kayaki: Namna ya Kupanga Safari ya Usiku Mmoja kutoka Dar es Salaam

Ukisimama ufukweni Kunduchi asubuhi, kisiwa cha Mbudya unakiona pale mbele, miti yake inahesabika. Ni kama kilomita tatu tu. Kwa kayaki iliyobeba hema, maji na chakula, mpiga kafi wa kawaida anahitaji karibu saa moja. Saa hiyo inaweza kuwa ya kuongea na kucheka njia nzima. Inaweza pia kuwa ya kupiga kafi huku kisiwa hakisogei, mikono imekufa ganzi na mwenzako keshanyamaza. Tofauti ya hali hizo mbili inatokana na tarehe uliyochagua, vifaa vinafuata nyuma sana. Wengi huanza kwa kununua hema na kuuliza bei ya tochi, halafu safari inaangukia Jumamosi yoyote iliyo wazi kazini. Mimi nakushauri uanze na kalenda, tena kalenda ya mwezi mwandamo.

Kwanza: kisiwa kipi

Kaskazini mwa jiji kuna maeneo manne yaliyotengwa tangu 1975 kuwa hifadhi: Bongoyo, Pangavini, Mbudya na Fungu Yasini. Yanasimamiwa na Hifadhi za Bahari na Maeneo Tengefu. Kwa safari ya kulala, chaguo ni Mbudya. Bongoyo ni nzuri, lakini wanaokwenda huko hurudi jioni, na ukianzia gati la Slipway unavuka ghuba ya Msasani kwa mwendo mrefu zaidi, kilomita tano au zaidi, katikati ya maboti ya starehe ambayo manahodha wake si wote wanaoangalia mbele. Pangavini ni kipande cha mwamba kilichokaa kati ya hivyo viwili. Kingo zake zimeliwa na mawimbi kwa chini, na mahali pa kupandia ni pachache mno. Kipite kwa mbali. Fungu Yasini ni fungu la mchanga lisilo na kivuli hata cha mkono, na usiku hapafai.

Visiwa vya upande wa pili, karibu na mlango wa bandari, waachie wenye uzoefu. Pale kuna meli kubwa, kuna boti za Zanzibar, kuna pantoni ya Kigamboni, na meli haiwezi kukukwepa hata nahodha akikuona.

Mbudya ina ufukwe wa mchanga upande wa magharibi, unaotazama bara. Upande wa mashariki ni mawe ya matumbawe na mawimbi ya bahari kuu. Lengo lako ni magharibi, kwenda na kurudi. Habari ya kukizunguka kisiwa chote iache mpaka safari nyingine.

Pili: tarehe

Hapa ndipo kazi ilipo, kwa hiyo tuketi kidogo.

Bahari ya Dar hujaa mara mbili na kupwa mara mbili kwa siku. Mwezi unapoandama na unapokuwa mpevu, na siku moja mbili baadaye, tunapata bamvua: maji yanapanda sana na kushuka sana, tofauti inapita mita tatu. Mwezi ukiwa nusu, tunapata maji mafu, na tofauti ni kama mita moja tu. Kwa mtu wa kayaki bamvua lina matatizo mawili. Mkondo unakuwa na nguvu, hasa kwenye mapito kati ya visiwa. Halafu maji yakipwa, ufukwe wa Kunduchi unarudi nyuma mno, na utajikuta unaburuta kayaki yenye kilo hamsini za mizigo juu ya tope, majani ya bahari na mawe makali.

Saa nazo hufuata mwezi. Siku za bamvua, maji hujaa mnamo saa kumi alfajiri na saa kumi jioni, na hupwa mnamo saa nne asubuhi na saa nne usiku. Kila siku inayofuata yanachelewa kama dakika hamsini. Fanya hesabu mwenyewe: baada ya wiki moja mambo yamegeuka, maji yanajaa mnamo saa nne au saa tano asubuhi na yanapwa jioni. Ndiyo saa tunayoitaka. Unaondoka saa mbili au saa tatu asubuhi maji yakiwa yanajaa, na unafika yakiwa karibu na ukingo wa mchanga, mizigo inashuka bila kuburutwa.

Kwa hiyo siku bora kwa mgeni wa safari hii ni siku ya nane mpaka ya kumi, ukihesabu tangu mwezi kuandama. Kuna zawadi nyingine ndani yake: mwezi wa siku hizo uko juu tayari jua linapozama, na unatua baada ya saa sita usiku. Unapika na kula kwa mwanga wake, kisha unalala gizani. Siku ya ishirini na mbili nayo ina maji mafu, lakini jioni yake ni giza totoro, mwezi unachomoza wewe umeshalala. Hata hivyo usiishie kwenye hesabu ya kichwani. Tafuta jedwali la maji kujaa na kupwa la Dar es Salaam, linapatikana mtandaoni, na uliandike kwenye karatasi kwa siku zote mbili.

Upepo ndio wa pili. Kusi huvuma kuanzia Aprili hivi mpaka Septemba, na Juni, Julai na Agosti huwa kali. Kaskazi hushika kuanzia Desemba mpaka Machi. Kati ya hizo mbili, Oktoba na Novemba, bahari hutulia na matlai huvuma kwa upole. Hapo ndipo ningepanga safari ya kwanza. Mwanzoni mwa Machi pia hufaa kabla masika hayajafunguka. Katikati ya masika usijisumbue. Mvua ya usiku mzima juu ya hema la bei rahisi haina simulizi nzuri hata kwa wanaopenda kusimulia.

Ndani ya siku yenyewe, asubuhi huwa shwari na mchana upepo hupanda kutoka baharini. Hiyo ni karibu kanuni. Safari zote mbili, ya kwenda na ya kurudi, zifanyike kabla ya saa tano asubuhi.

Siku tatu kabla, anza kufuatilia utabiri wa Mamlaka ya Hali ya Hewa. Wao hutoa upepo kwa kilomita kwa saa na mawimbi kwa mita, na mambo yakiwa mabaya hutoa angalizo au tahadhari. Ukisikia angalizo la upepo mkali na mawimbi makubwa kwa pwani ya Dar es Salaam, safari imekufa, wala msiitishe kikao. Hata bila angalizo, mimi naweka mpaka wangu kwenye upepo wa kilomita 20 kwa saa na mawimbi ya mita moja. Kinachozidi hapo si cha watu wanaojifunza. Na panga tarehe mbili, ya pili ikiwa mwezi mwandamo unaofuata, ili kuahirisha kusiwaume.

Tatu: kibali na ada

Mbudya ni eneo tengefu, kwa hiyo kila anayekanyaga hulipa kiingilio, na kulala ni ruhusa ya ziada yenye ada yake. Viwango vinatofautiana kati ya raia, mkaazi na mgeni, na hubadilika, kwa hiyo ulizia ofisini kwa wahifadhi wiki moja kabla. Waambie mambo matatu waziwazi: mnakuja kwa kayaki, mnalala kwa hema, na mko wangapi. Malipo hufanywa kwa namba ya malipo ya serikali, na risiti uitunze kwenye simu na kwenye karatasi pia. Askari wa hifadhi akija usiku na tochi, karatasi inamaliza maneno haraka.

Nne: watu, vyombo na mazoezi

Usiende peke yako. Kayaki tatu ni idadi nzuri: moja ikipata matatizo, ya pili inasaidia, ya tatu inaita msaada. Mwendo wa msafara ni wa yule aliye dhaifu kuliko wote, naye ndiye akae mbele. Mkimwacha nyuma mtamsahau.

Kayaki nyingi za kukodi hapa mjini, kwenye hoteli za ufukweni, ni zile za plastiki za kukalia juu. Watu hupenda kuzidharau, lakini kwa maji yetu ya joto zinafaa kabisa, kwa sababu ukipinduka hazijai maji na unaweza kuzipanda tena. Uliza mambo haya kabla ya kutoa pesa: inabeba kilo ngapi, vifuniko vyake vinafunga, tundu la kutolea maji lina kizibo, na mwenyewe anaruhusu ilale nje. Wengi hukodisha kwa saa, hivyo bei ya siku mbili ni ya kupatana. Tikisa kila kayaki usikilize. Ukisikia maji ndani, ina ufa; chagua nyingine.

Kila mtu avae jaketi okozi linalomtosha, na avae kweli, asilifunge nyuma ya kiti. Filimbi ifungwe kwenye jaketi. Simu iwe kwenye mfuko usiopitisha maji, mfuko uwe shingoni au ndani ya jaketi. Msafara uwe na kafi moja ya akiba, kamba ya kuvutia ya mita kumi na tano hivi, na upo, yaani chombo cha kuchotea maji yaliyoingia, kama mna kayaki ya kuingia ndani.

Wiki moja kabla, fanyeni zoezi la kupinduka. Nendeni Kunduchi maji yakiwa yamejaa, mfike kina cha kifua, kila mmoja ajipindue makusudi. Kayaki ya kukalia juu hugeuzwa hivi: unapita chini yake au juu yake, unashika ukingo wa mbali, unavuta mpaka igeuke. Kisha unaogelea ubavuni, unapiga miguu mpaka mwili ulale juu ya maji, unajivuta kwa tumbo hadi ulale kimsalaba juu ya kayaki. Hapo ndipo unageuka na kuketi. Mwenzako ashike upande wa pili isirudi kupinduka. Rudieni mpaka kila mmoja aweze bila kupiga kelele. Asiyeweza, au asiyejua kuogelea, apande kayaki ya watu wawili pamoja na anayeweza, au aje kwa boti akutane nanyi kisiwani. Hakuna aibu katika hilo, na mizigo mizito anaweza kuja nayo yeye.

Siku hiyohiyo ya mazoezi, zungumzeni na wavuvi na waendesha boti. Hawa wanaijua njia kuliko simu yako. Usianze na maswali. Anza na salamu.

"Shikamoo mzee."

"Marahaba, mwanangu. Habari za mjini?"

"Njema. Jumamosi ijayo tunataka kuvuka Mbudya kwa makafi, tulale. Upepo wa siku hizi unaanza kukaza saa ngapi?"

Atakwambia, na pengine atakucheka kwanza. Mpate nahodha mmoja mwenye boti ya injini, mpatane bei ya kuja kuwachukua ikihitajika, mchukue namba yake. Pesa hiyo iwekeni pembeni msiiguse.

Tano: mizigo

Kisiwani hakuna maji ya kunywa ya kutegemea. Chukueni lita sita kwa kila mtu kwa mchana, usiku na asubuhi, katika madumu madogo ya lita tano, kwa sababu dumu la lita ishirini halikai vizuri kwenye kayaki. Wikiendi huwa kuna wauza samaki na chipsi kisiwani, na samaki wao aliyebanikwa ni mtamu, lakini chakula chenu kisiwategemee.

Chakula cha usiku mmoja hakihitaji ufundi. Chapati zilizopikwa nyumbani, mayai ya kuchemsha, karanga, tende, ndizi, na wali wa haraka na maharage yaliyokwisha kuchemshwa. Jiko dogo la gesi ya kopo linatosha. Moto wa kuni uacheni: miti ya hifadhi haikatwi wala matawi yake hayaokotwi.

Vya kulalia: hema lenye wavu mzima, kwa kuwa mbu wapo, mkeka au godoro jembamba, na shuka. Joto la Dar halihitaji zaidi. Ongeza tochi ya kichwani, kofia, mafuta ya kujikinga na jua, shati la mikono mirefu, na viatu vya kuingilia majini. Viatu ni vya lazima. Kuna wale wadudu wa bahari wenye miiba mirefu myeusi, na kuna samaki wanaoitwa taa, wanaojifukia mchangani. Penye mchanga tembea kwa kuburuta miguu ili taa akusikie aondoke.

Kila kitu kiingie kwenye mifuko isiyopitisha maji. Usipoipata, tumia mifuko miwili ya plastiki nzito, mmoja ndani ya mwingine, kila mmoja umefungwa peke yake. Madumu yakae chini, karibu na kiti. Nguo na mashuka viende omo na tezi, yaani mbele na nyuma ya chombo. Juu ya kayaki pasiwe na rundo refu, maana upepo hulishika kama tanga. Funga kila kitu kwa kamba, ila usimfunge mtu na chombo chake kamwe.

Sita: asubuhi ya kuondoka

Acha karatasi kwa mtu wa nyumbani anayeaminika: majina, rangi za kayaki, mnakoondokea, saa ya kufika, saa ya kurudi kesho, namba ya nahodha. Mpe na saa ya mwisho. "Ikifika saa sita mchana Jumapili hujanisikia, mpigie nahodha, kisha polisi 112." Kikao cha simu kiwe hicho tu.

Fika ufukweni saa moja na nusu. Tazama bahari kwa robo saa kabla ya kushusha kitu. Mawimbi yakiwa yanavunjika na kutoa povu jeupe hadi mbali, na matawi ya minazi yanapiga kelele asubuhi hiyo, rudisheni mizigo garini mkanywe chai Kunduchi. Mkiwa na muda, magofu ya zamani yako karibu hapo, yenye makaburi ya nguzo yaliyopambwa kwa sahani za Kichina. Siku haitapotea.

Hali ikiwa nzuri, ingieni. Mnaelekea mashariki na jua la asubuhi liko usoni, kwa hiyo kofia na miwani. Chagua mti mmoja mkubwa kisiwani na uupange mstari mmoja na kitu kingine nyuma yake au kando yake. Vikianza kuachana, mkondo unakusukuma. Rekebisha kidogo kidogo, usisubiri. Ukigeuka nyuma una kilima cha Wazo na kiwanda chake cha saruji kama alama ya nyumbani. Boti ya injini ikija, kusanyikeni mwonekane kitu kimoja, inueni kafi juu, na mawimbi yake yapokeeni kwa omo.

Upepo ukianza kukaza kabla hamjafika nusu, geukeni wote. Mkiwa mmepita nusu na ufukwe wa magharibi uko mbele, endeleeni, kwa sababu kadiri mnavyokaribia kisiwa ndivyo mnavyoingia demani, pale upepo unapokingwa. Uamuzi ni wa mtu mmoja mliyemchagua kabla ya kuondoka. Kura hazipigwi majini.

Saba: kambi

Mkifika, wahifadhi kwanza, hema baadaye. Watawaonyesha mahali pa kulala na pa kujisaidia. Hema likae juu ya mstari wa takataka na mwani ulioachwa na bamvua lililopita, mbali na miti yenye matawi makavu. Kayaki zipandisheni juu ya mstari huohuo na mzifunge kwenye mti. Hili watu hulisahau: mkifika saa nne asubuhi maji yamejaa, na yatarudi kujaa tena saa tano usiku mkiwa mmelala. Kayaki iliyoachwa mchangani saa mbili usiku kwa kuwa "maji yako mbali" ndiyo inayotafutwa asubuhi.

Mchana ni wa kuogelea na kuangalia matumbawe kwa miwani ya majini. Usisimame juu ya matumbawe, usichukue kombe wala konokono hata aliyekufa, na uvuvi hauruhusiwi. Konyeza, wale viumbe laini wa baharini wanaowasha, wakionekana wengi, ogeleeni na fulana.

Kabla ya giza, chakula chote kiingie ndani ya chombo chenye mfuniko. Mchana mwizi ni kunguru, usiku ni panya na kaa wa nazi, mnyama mkubwa wa ajabu anayepanda miti na kuburuta sufuria. Mmulikeni, mtazameni, mwacheni. Anaishi miaka mingi na hukua polepole, na gando lake linaweza kumvunja mtu kidole. Uvumi kwamba ni mtamu upo, ubakie uvumi.

Nane: kurudi

Amkeni saa kumi na moja na nusu, mnywe chai, mfungashe. Maji yatakuwa yamepwa alfajiri na yameanza kurudi, na kwa kuwa ni maji mafu, hayakwenda mbali. Takataka zote zinarudi mjini, pamoja na mbili tatu za wengine mtakazozikuta. Ingieni majini saa moja na nusu, jua likiwa mgongoni. Kumbukeni kwamba anayekuja kutoka bara anatazama juani, hivyo yeye hawaoni vizuri ingawa nyinyi mnamwona, mpisheni.

Mkiamka mkakuta upepo umebadilika na bahari imechafuka, hamwondoki. Subirini, na ikifika saa nne haijatulia mpigieni nahodha aje na boti, kayaki zipakiwe humo. Ndiyo maana ile pesa iliwekwa pembeni.

Kunduchi, kabla ya kushusha mizigo, mpigie yule uliyemwachia karatasi. Halafu osheni kila kitu kwa maji yasiyo na chumvi siku hiyohiyo, kuanzia zipu za hema na jiko la gesi, maana chumvi ya usiku mmoja inatosha kuzikwamisha.